Sikukuu ya Nyumba Tatu

Njuguna aliposimama na kugonga glasi kwa uma, Jeptoo alihisi damu ikimchemka.

Walikuwa College Park, Maryland, sebuleni kwa watu ambao hadi mchana huo hakuwa amewatia machoni, Jumamosi ya katikati ya Mei mwaka 1997. Mezani alilala nguruwe mzima wa kubanikwa, nusu yake imekwisha kuliwa. Mwenye nyumba, Mfilipino mmoja mcheshi, alikuwa ameshawaaga na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Mtu mwingine angesema asante akatoka. Lakini Njuguna, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kamati ya Wakenya kutoka Germantown mpaka Silver Spring, hakujaliwa kutoka nyumba ya watu kwa namna hiyo.

“Kabla hatujatoka,” alisema kwa Kiingereza chake cha mimbarini, “ingekuwa vyema tujitambulishe. Nitaanza mimi, halafu mke wangu atatoa neno la shukrani, kisha tufunge kwa maombi.”

Jeptoo alitazama saa ya ukutani. Saa nane ilikuwa inagonga. Lorraine, dada yake Rosemary, alikuwa akitoka kwenda kazini saa tisa na nusu, na nyumba yake ilikuwa Herndon, Virginia, upande wa pili kabisa wa Beltway, barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington. Wasipomkuta, safari yote ingekuwa kazi bure.

Rosemary mwenyewe alisimama kando ya mlango, viatu miguuni, akitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Wanawake hawa wawili walifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huko Germantown, Rosemary nesi, Jeptoo msaidizi wake. Wakati wa mapumziko Rosemary hakuwa na hadithi nyingine ila za kwao, milimani katika kisiwa cha Cebu, Ufilipino. Mei ulikuwa mwezi wa sikukuu, kila kijiji na mtakatifu wake. Yeye na marafiki zake walipanda pikipiki moja watu wanne, wakaoga kwenye maporomoko ya maji njiani, wakafika kijiji cha watu nywele bado zinachuruzika, wakaingia nyumba ya kwanza wakala, wakaenda ya pili wakala tena. Hakuna aliyewauliza wao ni wa nani. Siku ya sikukuu mlango haufungwi, Rosemary alisema. Akija mgeni anapewa sahani. Akija adui anapewa sahani.

Jeptoo, mtu wa Kapsabet, alizicheka na kuzipenda hadithi hizo, mpaka siku Rosemary alipomweleza kwa nini lile neno adui halimtoki mdomoni.

Mama yao alifariki miaka miwili iliyopita. Rosemary alikuwa bado anangoja karatasi zake za ukaazi. Angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi. Lorraine, dada mkubwa, mwenye karatasi, alikwenda akazika peke yake. Tangu arudi hakupokea simu ya mdogo wake wala kumfungulia mlango. Jeptoo alielewa bila kuchorewa picha. Kwao pia mtoto asiyemzika mama yake ana kesi ya maisha, hata awe na sababu nzuri namna gani.

Basi Rosemary alikuwa amepanga. Watu wachache wa kijiji chao walioishi huku waliadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima kama kule nyumbani, nyumba kwa nyumba, ila sasa kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa gari. Mwaka huu nyumba zilikuwa tatu: kwake Germantown, kwa hawa wa College Park, na kwa Lorraine. Siku hiyo Lorraine asingeweza kumfungia.

“Siendi kuomba msamaha,” alimwambia Jeptoo. “Nataka anifokee. Anifokee mpaka achoke, yaishe. Lakini nitafutie watu wa kwenda nao. Kwetu mtu haendi sikukuu peke yake.”

Gari la Jeptoo lilikuwa kwa fundi. Njuguna na mkewe Bilha walikuwa na van. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu anavyojitia kitanzi.

Walianza kwa kuchelewa kufika Germantown, maana Bilha hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Alipita supermarket akanunua sukari, mkate, maziwa na mafuta ya kupikia, akapaki mafungu matatu sawasawa, la kila nyumba. Kisha pale kwa Rosemary akamimina chai ya thermos aliyokuja nayo na kuwalazimisha watu wote wanywe. Halafu Njuguna akajitambulisha. Akamtambulisha Bilha, ambaye alikuwa ameketi karibu yake. Akasimulia mwanawe Ethan yuko darasa la ngapi. Akafunga kwa maombi, akakumbuka wagonjwa, wasafiri na serikali zote mbili.

Na sasa College Park alikuwa anarudia yote, akiongeza jinsi alivyopata viza mwaka 1989.

Walipoingia garini hatimaye, Jeptoo hakungoja mlango ufungwe.

“Baba Ethan, si nilikuambia tuna-rush? Nilikuambia mara ngapi?”

“Sasa tungetoka tu hivyo, kama watu hawana adabu? Wametulisha, Jeptoo. Nguruwe mzima!”

“Wao wamezoea watu kula na kwenda. Wewe umewahubiria.”

“Sijahubiri. Nime-appreciate.”

“Wachaneni na hayo,” Bilha alisema kutoka kiti cha mbele. “Tutafika. Mungu ndiye anapanga time.”

“Mungu hakupanga mtu asimulie vile alipata viza, Mama Ethan.”

Bilha aliguna, akageukia dirisha. Rosemary hakuelewa Kiswahili, lakini ugomvi hauhitaji mkalimani, na aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Jambo hilo lilimkera Jeptoo kuliko viza na maombi pamoja. Alitamani Rosemary apige kelele, aseme ninyi watu mnaniharibia. Rosemary alikuwa na adabu kupita kiasi.

Kwenye daraja la Mto Potomac magari yalisimama. Mbele, mbali, taa za polisi zilikuwa zinawaka. Njuguna alizima injini ili kuokoa petroli, akawasha redio, akaizima. Kama wangetoka mapema College Park, wangekuwa wameshavuka, na kila mmoja ndani ya van alilijua hilo, Njuguna zaidi ya wote, maana alianza kukuna shingo na hakuacha mpaka magari yalipoanza kutambaa.

Herndon walifika saa tisa imepita. Gari la Lorraine lilikuwa bado limeegeshwa nje, na Jeptoo alimshukuru Mungu yuleyule ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtania garini.

Lorraine alifungua mlango akiwa amevaa sare ya kazi, mkoba begani. Mwanamke mfupi, mwenye uso kama wa Rosemary uliokazwa. Alimtazama mdogo wake kwa muda. Kisha akaachia njia.

“Welcome,” alisema. “Karibuni nyote. Chukueni sahani, tafadhali.”

Alisema kwa Kiingereza, kile cha kuwasemesha wagonjwa na wageni, hata kwa Rosemary. Akampakulia Rosemary wali, nyama na tambi, akampa na kitambaa cha karatasi. Akamuuliza kama safari ilikuwa njema. Mlango ulikuwa wazi kweli, lakini mgeni na adui walikuwa wakipewa sahani ileile, na Rosemary alikuwa amepewa hiyo.

Njuguna, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliketi bila kujitambulisha. Bilha alishika mfuko wake wa sukari mapajani, hajui auweke wapi.

Rosemary alitazama sahani yake. Hakula. Aliiweka chini, akaenda jikoni palipokuwa na mlima wa vyombo vya wageni wa tangu asubuhi, akafungua maji.

“Please, acha,” Lorraine alisema kwa Kiingereza kilekile. “Wageni hawaoshi vyombo.”

Rosemary aliosha sahani ya kwanza. Aliosha ya pili. Lorraine alimfuata akamshika kifundo cha mkono, na Rosemary akauvuta mkono akachukua ya tatu. Hapo Lorraine alipasuka. Maneno yalimtoka kwa lugha yao, kwa sauti iliyowafanya Njuguna na Bilha watazame zulia. Alipiga kaunta kwa kiganja. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Rosemary hakugeuka, ila alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anatikisa, anaosha.

Kisha Lorraine akaona saa ya jiko. Alinyamaza katikati ya neno. Alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akarekebisha mkoba, akasema sentensi moja fupi, akatoka. Gari lake likawaka, likaondoka.

Jeptoo alimwendea Rosemary kwenye sinki.

“Amesema nini?”

“Kwamba siku alipomzika mama, vyombo vilioshwa na majirani.” Rosemary alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata. “Kwamba alisimama jikoni kwetu akatazama watu baki wakiosha sahani za mama. Halafu akaanza kuniambia alichosema mama mwisho.”

“Alisema nini?”

“Hakumaliza. Amechelewa kazini. Amesema nikitoka nivute mlango.”

“Akirudi usiku atakumalizia. Tutangoja hapa, wote. Ama kesho—”

“Leo ilikuwa ni sikukuu, Jeptoo,” Rosemary alisema. “Kesho mlango ni wake, aufunge akitaka.”