Ufunguo wa Ghala la Asali

Muhanna bin Humaidi alianza kuuza asali na nta mjini Tabora kabla ya vita vya Hitla, na aliipenda bidhaa yake kuliko ilivyompasa mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Ufunguo wa ghala aliushika mkewe, Khole.

Kulikuwa na sababu. Siku moja Muhanna alijiangusha sebuleni akitetemeka na kuomba asali. Khole akakimbia na bakuli. Muhanna akalilamba mpaka chini, akainuka akicheka, na jioni akawahadithia wenzake barazani jinsi mkewe alivyobabaika. Wiki ile ile sukari ilimpanda, akapelekwa hospitali hajitambui, anahema kama aliyekimbizwa. Daktari Mzungu alimwokoa, kisha akauliza mbele ya ukoo mzima ni nani aliyempa asali. Masika, dada yake Muhanna, alimnyooshea wifi yake kidole.

"Huyu hapa. Anataka kukaa eda mapema."

Tangu hapo Khole aliuvaa ufunguo shingoni. Kila asubuhi Muhanna alikwenda hospitali kuchomwa sindano, na mara nyingi alirudi na ruhusa mpya. Daktari amekubali kijiko kimoja cha Ijumaa. Daktari amesema asali ya nyuki wadogo si sukari. Khole alitikisa kichwa tu, akaendelea kupepeta mchele.

Siku moja ya kiangazi Muhanna alitoka sindanoni akaenda moja kwa moja stesheni kupokea madebe ya asali kutoka Igalula. Treni ilichelewa. Alirudi adhuhuri hajatia kitu kinywani, kanzu imelowa jasho, akauegemea mlango wa ghala.

"Khole, fungua. Nipe asali."

"Shikamoo, daktari," alisema Khole.

"Sindano inashusha sukari. Nisipokula inashuka kupita kiasi. Daktari kaniambia, nikitetemeka nilambe kitu kitamu."

"Kumbe leo hata sindano inataka asali! Ile ya nyuki wadogo ilikuwa nzuri zaidi."

"Wallahi, Khole."

"Siku ya bakuli hukuapa? Tetemeka vizuri, bwana. Wenzako barazani hawajakuona."

Muhanna alitaka kumtukana, lakini maneno yalimtoka mdomoni yamevurugika kama ya mlevi. Akanyoosha mkono kuukamata ufunguo. Khole akaupiga ule mkono, nao ukaanguka kirahisi mno. Muhanna akateleza na mlango mpaka chini. Khole alirudi kwenye ungo wake. Alisikia visigino vikigonga sakafu, akakaza moyo. Siku ya bakuli pia viligonga. Viliponyamaza ndipo alipotoka kumtazama.

Lugembe, mchukuzi wa ghala, alimlaza bwana wake kwenye mkokoteni aliokuwa ameletea madebe. Debe moja lilikuwa limevuja njiani, na mbao zilikuwa zimelowa asali. Shavu la Muhanna liligandia hapo, midomo ikiugusa ubao, na nyuki waliwafuata mpaka hospitali. Ulimi haukusogea.

Bernardo, dresa wa zamu, aliuliza, "Kala nini tangu sindano ya asubuhi?"

"Hakula kitu," Khole alijibu, na kichwa alikiinua. "Asali aliniomba, nikamnyima. Hata tone hakupata."

Bernardo alimwita daktari mbio. Wakamtia Muhanna maji ya sukari mshipani, wakangoja, wakamtia tena. Hakuamka. Magharibi Bernardo alimfunika shuka, kisha akamgeukia Khole.

"Mama, angelamba kijiko kimoja, angekuja hapa kwa miguu yake."

Alisema hivyo tu, akaenda kunawa mikono.

Matangani Masika alimkumbatia Khole mbele ya wanawake wote, akilia kwa sauti. "Nilikukosea, wifi yangu. Safari hii ulimlinda ndugu yangu mpaka mwisho. Mungu akulipe sawasawa na ulivyomtendea."

"Amina," wakaitikia wanawake. Khole naye akaitikia.

Masika akajifuta machozi, akanyoosha kiganja.

"Sasa lete huo ufunguo. Wageni wamepewa uji, na uji hauna utamu."

Khole akauvua.