Ngozi Kabla ya Mkaguzi

Mjukuu wangu Edina anachunga mashine. Watu wa hapa Miyuji wakiniuliza anafanya kazi gani, ndivyo ninavyowajibu. Wakicheka nawaacha wamalize, halafu nawaeleza.

Kampuni anakofanya kazi hununua alizeti na karanga. Zamani lilikuwa shirika la serikali. Mashirika yalipoanza kuuzwa, nalo likauzwa, na wenyewe wapya wakaja na kompyuta. Majina ya wakulima wote na uzito wa kila gunia vikatolewa kwenye mafaili yaliyoliwa na mchwa, vikaingizwa humo, kwenye kitu wanachokiita hifadhidata. Aliyepewa kuitunza ni Edina, kwa muda wa majaribio kwanza. Mtoto wa mwanangu Filipo, niliyemlea mwenyewe kwa ugali wa uwele! Nani asingejivuna?

Siku za mwanzo nilimwuliza, "Sasa mke mwenzangu, unaichunga isiende wapi?" Namwita mke mwenzangu kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba.

Akacheka. "Bibi, hii programu si mali yetu. Ni ya walioitengeneza. Sisi tumelipia leseni ya kutumia baadhi ya vipengele vyake tu. Lakini walipotuletea vilikuja vyote, na havina kufuli. Mtu akibonyeza ambacho hatukukilipia, kinafanya kazi vizuri tu, wala hakimwonyi. Ila programu yenyewe inakumbuka. Siku wenyewe wakija kukagua, wanaiuliza."

"Ahaa," nikasema. "Ng'ombe wa kukabidhiwa."

Akanitazama, kisha akapiga makofi. "Hivyo hivyo, Bibi! Maziwa unywe, nyama usiguse."

Maana kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Huwagawa kwa watu wa vijiji vingine wamtunzie. Mtunzaji atakunywa maziwa na samadi ataitia shambani, lakini kuchinja hana ruhusa, hata kama mwenyewe yuko mbali na haoni.

Basi kila mwisho wa mwezi Edina alikuwa akiiuliza mashine yake ni vipengele gani vimetumika, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walimtania mpaka wakachoka, hasa Wambura, kijana wa Musoma aliyekaa naye ofisi moja.

"Mama Mkaguzi, umeshawauliza ng'ombe wako wamekula nini?"

"Nimewauliza. Wamekutaja wewe."

Utani huo uliwageukia. Katikati ya msimu wa kununua mazao, mjomba wake Edina alifariki kule Buigiri, naye akaenda msibani. Aliporudi alikuta habari kwamba wenye programu wanatuma mkaguzi. Hakuogopa. Akaiuliza mashine kama kawaida yake, nayo ikamtajia kipengele kimoja kisicho chao.

Wambura ndiye aliyekibonyeza. Wakulima walikuwa kwenye foleni juani na magunia yao, kompyuta ikasema imejaa, haipokei jina jingine. Akahangaika, akaona kipengele cha kubana kumbukumbu za zamani zichukue nafasi ndogo. Akabonyeza, na foleni ikasogea. Alidhani amesaidia watu, na kweli aliwasaidia.

Jioni hiyo Edina alirudi nyumbani amefuatana naye. Jua lilikuwa bado halijazama, nami nilikuwa nasonga ugali nje. Wakanisimulia, huyu akianza na yule akimalizia.

"Nimekizima hapo hapo," Edina akasema. "Lakini tarehe zimebaki, Bibi. Mashine haisahau."

"Na mkubwa wenu anasemaje?"

"Bwana Mazengo anasema tunyamaze. Huenda mkaguzi asiulize. Anasema nikilitoa mwenyewe mdomoni nikaiaibisha kampuni, nisitegemee atasaini barua ya kunithibitisha kazini."

"Nimemwambia nitasema mimi," Wambura akadakia. "Yeye hakuwepo, alikuwa anazika."

"Zizi ni langu hata nikiwa msibani," Edina akamjibu.

Nikawakaribisha chakula. Wambura akamega tonge, akachovya kwenye mlenda, mlenda ukavutika kutoka bakulini mpaka kidevuni.

"Bibi, hii mboga yenu inanitoroka."

"Haikutoroki, baba. Inakuogopa. Imesikia wewe ni mtu wa kubonyeza vitu vya watu."

Edina alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia hakula tena. Akakaa anaviringisha tonge lile lile.

"Bibi, unakumbuka ile ngozi?"

Nilikumbuka. Nilikuwa naikumbuka tangu walipoanza kusimulia, lakini nilinyamaza, kwa kuwa ajira si yangu. Mtu asimtume mwenzake kupoteza kazi kwa sababu yeye ana hadithi.

"Wambura haijui," nikasema. "Mwambie."

Akamwambia. Edina alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya utotoni, mwaka wa kiangazi kibaya, na ng'ombe wa Mzee William tuliyekuwa tukimtunzia akaanguka korongoni akafa. Majirani walimshauri mume wangu, Nathanaeli, asijisumbue kwenda kusema. Mwenyewe yuko mbali, mwaka huu ng'ombe wanakufa kila mahali, na fisi hawasemi. Nathanaeli akamchuna, akaikunja ngozi ikiwa bado mbichi, akaondoka siku ile ile kwa miguu kwenda kwa Mzee William. Edina alilia mpaka akachukuliwa. Inzi waliwafuata njia nzima.

"Nilimwuliza babu kwa nini hatungoji Mzee William aje mwenyewe," Edina akasema. "Akaniambia ngozi ikitangulia, mwenye ng'ombe anauliza alikufaje. Ikichelewa, anauliza nani alimla."

"Na huyo mzee akafanyaje?" Wambura akauliza.

"Aliikunjua chini, akaitazama ilipochanika kwa mawe, akatazama alama yake sikioni. Kisha akatupatia maji ya kunywa."

Akala lile tonge. Tukajua ameshaamua.

Siku ya mkaguzi nilikuwa na magunia yangu ya alizeti ya kupeleka kuuza. Ningeweza kuyapeleka siku nyingine, sikatai, lakini niliyapeleka siku hiyo. Chumba cha kompyuta kiko karibu na mizani, na kwa sababu ya joto dirisha huwa wazi. Mimi nikachagua kivuli cha chini ya dirisha.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, jina lake Ritha, mwenye begi la kompyuta na viatu vilivyojaa vumbi letu. Aliponipita aliniamkia shikamoo. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Ndani nikamsikia Bwana Mazengo akimkaribisha kwa maneno mengi, soda baridi, pole na safari. Mama Ritha akasema anashukuru, angependa kuanza. Hapo nikasikia kiti kinaburutwa, na sauti ya mjukuu wangu.

"Kabla hujatafuta, mama, naomba nikuonyeshe mwenyewe. Kuna kipengele tumekitumia ambacho leseni yetu haina."

Bwana Mazengo akakohoa. "Edina, mgeni hata soda hajamaliza."

"Aendelee," Mama Ritha akasema.

Edina akamfungulia mashine, akamweleza kilitumika siku gani, kwa kazi gani, na kilizimwa lini. Sauti yake mwanzoni ilitetemeka, nami nikashika gunia kama vile ndilo linalotetemeka. Baadaye ikanyooka.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," Wambura akasema. "Alikuwa msibani."

"Sikuuliza nani," Mama Ritha akamjibu. "Dada, umejuaje kuwa kimetumika?"

"Huwa naiuliza kila mwisho wa mwezi."

"Nani aliagiza?"

"Hakuna. Nimekabidhiwa."

Mama Ritha hakumsifu. Alisema tu, "Haya, sasa na mimi niiulize," akakaa kwenye mashine. Akauliza saa nzima na zaidi. Jua likanifuata kivulini, nikasogea, likanifuata tena. Kijana wa mizani akaniita mara mbili, "Bibi, zamu yako!" Nikamwambia awapitishe wengine, mimi sina haraka. Sijawahi kuwa na haraka.

Mwishowe kiti kikaburutwa tena.

"Nimeangalia kila mahali," Mama Ritha akasema. "Kilichopo ni kile alichonionyesha, na tarehe ni zile zile. Hamna kingine. Nitaandika kwamba lilikuwa kosa la mara moja, mmelitaja wenyewe, na mmeshalirekebisha. Mkitaka kuendelea kukitumia, mlipie leseni. Hapo limekwisha." Kisha akauliza, "Nimwandike huyu dada kama nani?"

Nikainuka nichungulie. Nilimwona Bwana Mazengo kupitia dirishani, anafuta jasho kwa leso, anamtazama mjukuu wangu kama mtu anayekunjua ngozi chini.

"Mwandike mtunzaji wa hifadhidata yetu," akasema. Neno la majaribio hakulitaja. Akaongeza, "Na tawi letu la Singida lina mashine kama hii ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza chochote. Edina, wiki ijayo utakwenda kuiangalia. Itakuwa mikononi mwako pia."

Kuna jambo la Mzee William ambalo Wambura hakuambiwa siku ile, kwamba baada ya maji ya kunywa alimfungulia Nathanaeli mtamba mwingine aje naye nyumbani amtunzie. Edina alikuwa amesinzia mgongoni mwa babu yake, hakumwona mpaka asubuhi.

Nikajikokota mpaka kwenye mizani. Kijana akapima magunia, akasogelea kompyuta yake.

"Niandike jina gani, Bibi?"

"Andika Bibi yake Edina."

"Bibi, jina hilo humu halimo."

"Limo," nikamwambia. "Nenda kamwulize mwenye mashine, yuko mle ndani."