Fremu Tatu za Himo

Anitha alikuwa amechoka kutuma hela zinazoishia tumboni na misibani. Safari hii, alimwambia mumewe, jasho lake la kutunza wazee ughaibuni, kule Columbia, litaanzisha kazi nyumbani Himo. Vumilia, binti wa kaka yake aitwaye Ombeni, ana cheti cha ushonaji na hana pa kuweka cherehani. Kwa kuwa zamu zilimbana, akamwachia mumewe, Kamande, aongee na Ombeni.

"Shemeji, eneo la barabarani lipo, mwenyewe anasubiri," Ombeni akasema. "Tunahitaji fremu tatu tu." Akataja bei.

Kamande, Mkenya wa Nyeri asiyekubali kupunjwa hata kwenye maduka ya huko ughaibuni Hyattsville, akaguna. Fremu tatu kwa bei ya gari?

"Niachie hiyo maneno, shem. Nitakupatia sita, za mbao ngumu."

Akajiona mkwe wa maana. Akamtafuta fundi wa Taveta, ng'ambo tu ya mpaka, akamlipa.

Jumapili moja Anitha akiwa hana zamu, Ombeni akapiga simu ya video. Nyuma yake, fremu sita za milango zilikuwa zimeegemezwa kwenye migomba.

"Dada, huyu mume wako anatutania? Ukuta uko wapi?"

"Si ulisema fremu?" Kamande akang'aka.

"Fremu, shemeji! Vyumba vya biashara! Vya kupangisha!"

"Hizo kwetu ni maduka. Fremu ni ya mlango, ama ya picha ya harusi."

Anitha hakucheka. "Na eneo je?"

Ombeni akajikuna kichwa. Mwenye eneo alichoka kusubiri. Fundi wa Taveta, alipoleta mzigo, alipaona pale barabarani, akapapenda, akalipia kianzio kwa hela ileile aliyolipwa. Sasa anajenga karakana, na ameshaajiri watu wawili.

"Kwa hivyo hela imeleta maendeleo," Kamande akasema taratibu.

"Ya nani?" Anitha akauliza.

Vumilia akajipenyeza mbele ya baba yake.

"Shangazi, yule fundi anasema atabakiza chumba kimoja cha kupangisha. Ila anataka kodi ya mwaka mzima, na kwangu amegoma kupunguza hata senti."

Anitha akamkabidhi mumewe simu.

"Ongea naye wewe. Mna Kiswahili kimoja."