Mpira wa Kuhesabia Baiskeli Konani

Asubuhi tatu mfululizo, saa kumi na mbili na nusu, mpira wa kuhesabia, bomba jembamba lililolazwa barabarani pale konani kuhesabu magurudumu yanayolikanyaga, uliandika baiskeli moja. Asubuhi zote tatu mpimaji wa barabara alikuwa amesimama papo hapo, macho kodo, na hakuna baiskeli iliyopita.

"Mpira umezeeka kama wewe," fundi wa ofisi yao alimtania, akaubadilisha siku ya pili. Ule mpya nao ukaandika moja.

Mpimaji hakucheka. Hiyo ndiyo saa ambayo mdogo wake alikuwa akipita hapo kwa baiskeli kwenda kazini, mpaka lori lilipombana ukutani mwaka juzi, akafa. Aliogopa, na juu ya woga akaona haya. Hesabu ya kwanza, kabla ya ajali, aliifanya yeye, tena wiki ya likizo, shule na kiwanda vimefungwa, ili malori ya kiwanda yasimchanie mpira. Akapata baiskeli nne. Akaandika kwamba kona haina haja ya njia ya baiskeli, na tangu hapo hakumwambia mtu kwamba alihesabu wakati wa likizo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kifo cha ndugu yake.

Sasa kitongoji kizima kimeshikwa na baiskeli za umeme. Hata wazee wenye vitambi wanapanda mlima huku wakipiga soga. Njia yao inajengwa, ila kwa ramani ile ile iliyofuata hesabu yake: inakatika hatua hamsini kabla ya kona.

Siku ya nne akatokea shemeji yake, mjane wa marehemu, juu ya baiskeli mpya ya umeme, anaelekea kazini hospitalini.

"Shemeji, usipite hapa. Rudi, nakuomba."

"Nizunguke mji mzima? Kwani umelalaje leo?"

Mpimaji akamweleza yote: likizo, mpira, zile baiskeli nne. Akasema leo hii anaandika barua ofisini, wakitaka wamfukuze.

Shemeji aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Nilimkataza mume wangu kona hii," alisema. "Akanicheka. Akasema, kaka kapima mwenyewe, ingekuwa na hatari angesema."

Lori lilikuwa likishuka mlima. Shemeji akafuta machozi, akakanyaga pedali, wala hakumwangalia tena. Mpimaji akaingia katikati ya barabara, akatandaza mikono, akasimama mbele ya lori mpaka mwanamke alipoimaliza kona.