Jina la Saba

Jina la saba kwenye orodha ya wagombea udiwani lilikuwa la Oddny, na alikubali liandikwe kwa sharti moja tu: asifanye chochote. Sheria ilitaka majina saba; Mwalimu Sigbjørn alikuwa na sita. Miaka mitatu alikuwa amekizunguka kisiwa chetu cha Skarvøya na Chama chake cha Siku Nne, akigonga milango na kueleza kwamba watu wakifanya kazi siku nne kwa wiki badala ya tano, miili inapona na kazi haipungui. Watu walimpa kahawa, wakaitikia, wakafunga mlango.

Mimi na Oddny tulisimama meza moja kiwandani, tukipasua samaki. Siku Mwalimu alipoleta vikaratasi vyake chumba cha chakula, msimamizi wetu Arvid akamdhihaki: "Na hiyo siku ya tano hawa akina mama watafanya nini? Watalewa?"

Oddny hakuinua hata uso. "Nitalala, Arvid. Miaka ishirini na miwili mabega yananiuma. Nitalala mpaka saa sita mchana. Wewe ukitaka kulewa, lewa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hakusema neno jingine kampeni nzima.

Matokeo yalitangazwa redioni asubuhi, tukiwa kazini. Chama cha Siku Nne: kiti kimoja. Tukapiga makofi kwa ajili ya Mwalimu. Kisha mtangazaji akasema kwamba ndani ya chama hicho, aliyewekewa alama nyingi zaidi na wapiga kura ni Oddny Fagerli. Kiti ni chake: mpiga kura huruhusiwa kuweka alama mbele ya jina analolipenda, na kiti humwendea mwenye alama nyingi, hata akiwa wa mwisho kwenye orodha.

Kisu kikamponyoka. "Oddny yupi?"

"Kwani tunao wangapi, shoga?"

Alitutazama mmoja mmoja, nasi tukatazama samaki. Kila mmoja wetu alikuwa ameweka alama mbele ya jina lake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mimi nilifanya kwa mzaha. Wenzangu sijui.

"Mmeniua," akasema. Kwetu ukichaguliwa huwezi kukataa hivi hivi. Sharti uwe na sababu nzito.

Baada ya kazi nilimsindikiza kwake. Mwalimu alikuwa amekwisha fika, ameketi ngazini, macho mekundu. Hakumpongeza. Alitoa fomu ya kuomba kusamehewa udiwani, ameshaijaza kwa mwandiko wake mzuri.

"Weka sahihi tu, dada. Ukitoka wewe, naingia mimi. Kila mtu anapata alichotaka."

"Afadhali," Oddny akasema, na kweli alishika kalamu. Ila alisoma kwanza. Akasoma tena, kisha akanipa mimi. Kwenye nafasi ya sababu Mwalimu alikuwa ameandika: "Mhusika hana elimu ya kutosha kuelewa shughuli za baraza."

Mtu huyu ndiye aliyewafundisha wanangu kusoma.

"Ni maneno ya fomu tu," akasema harakaharaka. "Lazima sababu iwe nzito."

"Hukuweza kuandika mabega?" Oddny akauliza.

Nadhani hata Mwalimu ndipo alipoyasikia aliyoyaandika.

Oddny akaichukua fomu mkononi mwangu, akamrudishia. "Kikao cha kwanza ni lini?"

Kilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Nilikaa viti vya wasikilizaji. Oddny alisimama, akaomba wahudumu wa nyumba ya wazee wajaribu siku nne kwa mwaka mmoja, mshahara uleule. Alisema dakika mbili. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuchangia. Kimya. Kumi na wanane wakakataa. Aliyekubali alikuwa Oddny peke yake.

Garini alijifunga mkanda.

"Nilijua nitashindwa," akasema. "Lakini hata swali moja, jamani? Hata moja?"

Nikawasha gari.

Mwezi uliofuata alilipeleka tena ombi lilelile. Safari hiyo walimwuliza maswali mawili, kisha wakalikataa.