Mbaazi za Siku Nne

Jumwa Mwarandu alikuwa na maringo na mbaazi zake, na wala hakumficha mtu. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema huku akipakua, "kibaya ndicho hutembezwa." Na kusema kweli, walaji walimpa haki yake. Dereva wa lori aliyetoka Malaba, kakaa njiani siku mbili akitafuna mkate mkavu, akifika Miritini alikuwa haulizi choo kiko wapi kabla hajauliza Mama Kadenge, ndivyo walivyomwita Jumwa, yuko wapi. Mahamri mawili, mbaazi za nazi zimemwagwa juu, chai ya tangawizi pembeni. Mtu akila hivyo hutulia mwenyewe, hata kama bosi wake amemtukana kwenye simu asubuhi nzima.

Lakini maringo ni kitu kimoja, kudumu ni kitu kingine. Kibanda hiki cha Miritini kilikuwa cha tatu. Cha kwanza kilikuwa Changamwe, kikafa. Cha pili kilikuwa Magongo, nacho kikafa. Majirani walikuwa na jibu lao tayari: kijicho. Kafukiwa kitu mlangoni huyu, nyota yake imefunikwa. Jumwa akaombewa kanisani mpaka mchungaji akachoka mikono. Wapi!

Hakuna aliyetaja jambo lililokuwa wazi kama jua la saa sita. Kila palipotokea msiba kwao Kaloleni, Jumwa alifunika sufuria, akatia kufuli, akaenda. Na ukoo wa kina Mwarandu ni mkubwa, hawaishi kufiwa. Matanga ya kwao nayo si ya kwenda asubuhi ukarudi jioni. Binti wa kwanza analala kilioni, anawapikia waliokuja kulia, na haondoki mpaka watu watawanyike. Sasa mla mbaazi, mwenzangu, tumbo lake halijui habari za matanga. Siku ya kwanza atakuja akute kufuli, atasikitika. Siku ya pili atakuja tena. Ya tatu atakula kwa mwingine, na huko ataulizwa jina lake, na basi, amekwenda huyo.

Kwa nini asimwachie mtu? Thubutu! Mapishi ya Jumwa yalikuwa hayaonwi. Akifika kwenye kukamua tui alitundika leso kwenye kamba, akawapa watu mgongo kama mtu anayeoga. Mama yake alimwambia mkono wa mapishi haugawiwi; ukimwonyesha mtu, unamhamishia. Maneno hayo Jumwa aliyabeba kwenye vibanda vyote vitatu, akavizika viwili huku ameyashika.

Aliyekuwa akimsaidia hapo Miritini ni Quinter, mwanamke wa makamo, mrefu, mtu wa Siaya, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabara kuu, aliyekuja Pwani na mumewe fundi wa magari. Kazi ya Quinter ilikuwa kukaanga mahamri na kuosha vikombe. Miaka miwili alikaanga, na leso haikuinuliwa hata siku moja. "Mtu wa bara na nazi, wapi na wapi?" Jumwa alimtania. Quinter naye hakuwa bubu: "Mama Kadenge, hata kwetu nazi ziko. Zinakuja na basi kama mimi."

Basi, mwaka huo yadi ya malori iliyokuwa mkabala na kibanda ikajenga ukumbi wa chakula, sakafu ya saruji, maji ya bomba, mlango wa chuma. Msimamizi wa yadi, bwana mmoja mwembamba aitwaye Bonface, akaja kumwona Jumwa. Hakuzunguka mbuyu.

"Mama, mbaazi zako nazipenda, madereva wanazipenda. Lakini nimeshajaribu wapishi watatu hapa, na wote ni leo yupo, kesho hayupo. Malori yangu yanatoka saa kumi na mbili asubuhi, dereva hangoji. Nakupa mwezi mmoja hapo hapo kibandani kwako. Kila alfajiri chakula kiwe tayari. Ukimaliza mwezi, ukumbi ni wako. Ukikosa siku moja, nampa mwingine, na tusilaumiane."

Jumwa akakubali kabla Bonface hajamaliza. Ukumbi wenye mlango! Alishachoka kukunja vyombo kila manispaa inapokohoa. Siku ishirini na mbili akapika bila kukosa, na kila siku alizidi kutembea kidogo kama mke wa chifu.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, Kahindi ndugu yake akapiga simu. Baba mdogo Baya amefariki.

Jumwa akakaa juu ya kreti ya soda. Baba mdogo Baya ndiye aliyemlea baada ya baba yake mzazi kufa. Ndiye aliyembeba mgongoni siku mto ulipofurika akitoka shule. Alilia kwa sauti, hakujali madereva. Kisha akafuta uso kwa ncha ya leso, na Quinter akaona mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kufuli.

"Mama Kadenge," Quinter akasema, "pole sana. Lakini hiyo kufuli wacha kwanza."

"Nimefiwa, Kwinta. Unanionaje wewe?"

"Nakuona umefiwa. Changamwe ulifiwa ukafunga, Magongo ulifiwa ukafunga. Halafu wanasema umerogwa. Hakuna aliyekuroga, mama. Kufuli ndiyo iliyokuroga."

Loo! Jumwa alimtazama kwa jicho ambalo lingeivisha ndizi mbichi. Huyu, mwosha vikombe wake, wa kuja, ndiye wa kumwambia haya siku ya msiba? Alifungua kinywa amtie adabu. Lakini aliyoyasema Quinter yalikuwa ya kweli, na Jumwa alijua ni ya kweli tangu Magongo. Alikaa akiitazama sufuria kubwa iliyobaki ganda la mbaazi ubavuni. Kumkosa Baba mdogo Baya hakuwezekani. Angeulizwa na Mungu. Kuukosa ukumbi vilevile hakuwezekani, kwa kuwa kibanda cha nne hakingekuwepo, nguvu zimekwisha.

"Njoo nyumbani saa nane," akasema hatimaye. "Na usije na mtu."

Quinter akaja na kikombe cha plastiki, cha buluu.

"Hicho cha nini?"

"Cha kupimia."

"Mbaazi hazipimwi, Kwinta. Zinatiwa kwa mkono."

"Mkono wangu au wako?"

Jumwa akachukua mbuzi ya kukunia, akakaa, akakuna nazi nane mbele ya macho ya mtu kwa mara ya kwanza maishani. Akaonyesha tui la kwanza, zito, la kuweka kando. Akaonyesha la pili na la tatu, jepesi, la kupikia mbaazi na kitunguu na bizari na pilipili mbichi. La kwanza hutiwa mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga bila kuacha na hufuniki, maana ukifunika linakatika na hapo umepika aibu. Kila alipochota kitu, Quinter alimzuia mkono hewani: "Tia kwenye kikombe kwanza." Chumvi kikombeni. Bizari kikombeni. Iliki ya mahamri, hamira, vyote kikombeni, na Quinter akitia alama ubavuni kwa kalamu ya mwanawe.

Halafu akamwambia achote tena.

"Nimeshachota."

"Chota tena, mama."

Jumwa akachota chumvi ile ile ya sufuria ile ile. Ikapita alama ya kwanza. Akachota mara ya tatu, ikapungua chini ya alama zote mbili. Wakatazamana.

"Hata wewe mwenyewe hufanani na wewe," Quinter akasema polepole.

Jumwa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka na machozi bado hayajakauka. Kumbe ndiyo maana Jumatatu fulani Wafula, yule dereva mnene, alirudisha sahani akisema leo chumvi imekuwa nyingi, naye akamwambia ulimi wake umeharibika kwa miraa! Miaka kumi na moja alijisifu mkono, na mkono wenyewe ulikuwa unatangatanga. Wakaonja, wakachagua kipimo kizuri kuliko vyote, wakachora mstari kwenye kikombe kwa wino. Jioni ile Quinter akapika sufuria ndogo peke yake, Jumwa kakaa juu ya mikono yake asije akaingilia. Tui halikukatika.

"Kesho alfajiri uko peke yako," Jumwa akamwambia. "Na Bonface usimwambie kitu."

Kaloleni alikaa siku nne. Alilia alichopaswa kulia, akapika alichopaswa kupika, akalala mkekani na wenzake. Wakati wa chakula mmoja wa mawifi zake akamuuliza, "Biashara umefunga?" Jumwa akajibu kuna mtu anapika. "Nani?" Mtu wa bara. Wakacheka mpaka wengine wakakumbushana kwamba pale ni kilioni. "Mbaazi za nazi, mtu wa bara! Wateja watapewa githeri hao, mahindi na maharage bila tui!" Jumwa akacheka nao, lakini usingizi ukamruka.

Siku ya pili alichukua simu mara saba na kuirudisha. Tui likikatika je? Siku ya tatu akamwambia Kahindi anataka kuondoka kabla ya mazishi, mara moja tu, aende arudi. Kahindi akamshika bega. "Dada, ukienda leo utakuwa hukumwachia mtu kitu. Utakuwa umemshikisha tu." Akabaki. Akamzika Baba mdogo Baya kwa mikono yake miwili, akatupa udongo, akasimama hadi mwisho, bila kutazama saa. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya: misiba yote ya nyuma alizika huku roho iko Mombasa, na Mombasa akarudi akakuta hakuna kitu. Safari hii aliaga vizuri.

Alfajiri ya siku ya tano akashuka Miritini na mkoba wa nguo, miguu ina vumbi la Kaloleni. Kutoka mbali aliona taa ya kibandani. Akaona watu. Akapunguza hatua, akajifunika leso kichwani mpaka machoni, akaingia foleni kama mteja. Mbele yake watu tisa. Hakuna aliyegeuka. Wanazungumza habari za mizani na matairi, wanacheka, wanasogea. Nyuma ya sufuria, Quinter anapakua kwa haraka, jasho linamtoka, binti yake Lavender anakaanga mahamri pembeni. Zamu yake ilipofika, Jumwa akanyoosha sahani bila kusema neno. Quinter akapakua bila kumtazama. Foleni ni foleni.

Akasogea kando akala kwa mkono, amesimama. Akatafuna. Akafumba macho. Zilikuwa zake. Si zinazofanana na zake, zake hasa, zile za siku zake njema, nazi imekuja nyuma, pilipili imeingia taratibu bila kelele. Alijisikia kama mzazi aliyemwona mtoto wake akisimamishwa mbele ya shule apigiwe makofi, na alijisikia pia, kidogo tu, kama mtu aliyeibiwa. Vyote viwili akavimeza pamoja na hamri.

"Ah, Mama Kadenge!" Wafula akamtambua, sahani ya pili mkononi. "Mbona na mkoba, unasafiri?"

"Ndiyo kwanza narudi. Nilikuwa msibani kwetu. Siku nne."

"Siku nne? Acha mchezo! Mimi nimekula hapa jana na juzi."

Sauti ya Wafula ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Foleni nzima ikageuka. Na Bonface, aliyekuwa ameegemea nguzo akinywa chai, akaweka kikombe chini akaja.

"Hukuwepo siku nne, mama? Ndani ya mwezi wangu?"

Quinter akasimamisha upawa hewani. Jumwa angeweza kusema Wafula hakusikia vizuri. Angeweza kusema alikuwa akija usiku akipika na kuondoka, na nani angembishia? Uongo ulikuwa karibu, umeshavaa viatu. Ukumbi ulikuwa hapo ng'ambo, mlango wake wa chuma unaonekana.

"Sikuwepo," akasema, na akavua leso kichwani waone uso. "Nilikuwa namzika baba yangu mdogo. Mbaazi mlizokula siku nne, na hizi mnazokula sasa, amepika Kwinta. Mtu wa Siaya. Nazi amekuna yeye, tui amekamua yeye. Na mwalimu wake ni mimi, Jumwa binti Mwarandu. Sasa kama kuna aliyeona kasoro, aseme hapa hapa."

Wafula akaitazama sahani yake, akaitazama tena, akalamba kidole.

Bonface akakuna kidevu. "Nilikwambia chakula kisikose."

"Kimekosa?"

"Hakijakosa." Akatikisa kichwa, tabasamu likamshinda. "Wale watatu wa mwanzo, mmoja alikuwa anapika vizuri kukushinda, usikasirike. Alipougua siku mbili, madereva wangu wakaondoka na njaa." Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa waya. "Mwezi haujaisha, lakini mimi nimeshaona. Ingieni Jumatatu. Kibao juu ya mlango niandike nini?"

"Andika Mbaazi za Jumwa," akasema bila kufikiri mara mbili, maana maringo hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamenenepa tu.

Kisha akafungua ule waya kwa meno. Ufunguo mmoja akautia kifuani. Wa pili akaupeleka nyuma ya sufuria, akamwekea Quinter kwenye kiganja chenye unga na kumkunja vidole juu yake.

"Na mshahara?" Quinter akauliza, machozi yanamlenga lakini hakusahau.

"Mwenye ufunguo halipwi mshahara wa mwosha vikombe, Kwinta. Tutagawana. Jumatatu unafungua wewe." Jumwa akaokota mkoba wake. "Mimi Jumatatu nalala mpaka jua linitoe kitandani. Miaka kumi na moja sijui linatokea upande gani wa nyumba yangu."