Mmbea wa Kwenye Friji

Kifaa nilichomtengenezea dada yangu ndicho kilichomfukuzisha kazi. Hakikuharibika. Kilisema kweli mpaka siku ya mwisho, na mimi nikasimama mbele ya watu nikathibitisha kwamba kinasema kweli.

Mimi ni fundi wa mafriji. Shule niliiacha darasa la sita mama alipofariki, na dada ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi mmoja mkali nikajifunze kujaza gesi na kufungua kompresa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza uuguzi. Chakula nilichokula miaka ile kilitoka kwenye mshahara wake, na hajawahi kunikumbusha. Nikitaka kufanya ujinga alikuwa ananiangalia tu, nami naacha.

Baadaye alipewa kusimamia zahanati ndogo pembezoni mwa mji. Vyumba vitatu, benchi la wagonjwa, friji moja ya chanjo. Umeme wa upande ule unakatika bila kuaga. Jumatatu moja alifungua mlango akakuta friji imezima tangu Jumamosi na chanjo zote zimepata joto. Akazimwaga. Jioni akaja karakana kwangu, akakaa juu ya mashine mbovu ya kufulia akiwa bado na gauni la kazi.

"Si wewe ndiye bingwa wa mafriji," akaniambia. "Basi nitengenezee kitu kinipigie kelele kabla mambo hayajaharibika."

Nikamtengenezea. Kilikuwa kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani mna laini ya simu na betri, na waya mrefu wenye kipimajoto nchani unaoingia kwenye friji. Joto likipanda, kinampigia dada simu. Dada anakimbia, anazibeba chanjo kwenye boksi la barafu mpaka kwa jirani mwenye bucha, ambaye ana jenereta. Mwenye bucha alilalamika kwamba wateja wanamuuliza kama siku hizi anauza nyama iliyochanjwa, lakini hakuwahi kumfungia mlango. Mwaka mzima dada hakumwaga hata kichupa kimoja.

Ningekomea hapo. Ila nina shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyemaliza chuo na alikuwa anatafuta jambo la kufanya. Tulimwita Projekta, maana hakuweza kukuazima hata nyundo bila kukuonyesha picha ukutani. Alipokiona kifaa akasema hii ni kampuni. Nikamwambia kampuni ni za watu wenye viatu vya kamba. Akaninunulia viatu vya kamba. Tukaenda kwenye jengo la vioo ambako vijana wanakaa kwenye viti vya rangi rangi wakigombea mtaji. Yeye anaongea, mimi nanyanyua kifaa juu kama dalali wa samaki. Wafadhili wakakipenda. Fedha waliyotoa haikutosha, kwa hiyo karakana nikaiweka dhamana benki.

Kazi ilikuwa kumpata mnunuzi. Zahanati haina fungu la kununua hata balbu. Mnunuzi ni ofisi ya afya, na ofisi ya afya hainunui, inafanya majaribio. Tulifanya majaribio, tukaandika ripoti ya majaribio, tukapongezwa, tukaombwa tufanye majaribio mengine. Mpaka akatokea Mganga Mkuu wa eneo letu, mtu mpole, sauti ya chini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akasema atachukua vifaa kwa zahanati zake zote kwa sharti moja. Kifaa kisimpigie muuguzi. Kipeleke habari ofisini kwake, kwenye ramani ya ukutani. Friji ikiwa salama, taa ya kijani. Ikipata joto, nyekundu.

Nikauliza kwa nini kisiwapigie wote wawili. Akasema muuguzi akijua mapema ataficha, na wafadhili wanataka kuona hali halisi.

Tulipotoka nje nikamwambia Projekta kwamba mtu wa ofisini hawezi kubeba boksi la barafu.

"Shemeji, mteja ni yule anayelipa," akasema. "Dada yako hajawahi kutulipa."

Ilikuwa kweli. Nikabadilisha namba.

Dada aliponiuliza mbona simu yake imekuwa bubu, nikamweleza. Akasema sawa, mdogo wangu, ndiyo kazi yako, akarudi kuchemsha vyombo vyake.

Mwanzoni ramani ilijaa nyekundu kama mtoto mwenye surua. Kila mwezi Mganga Mkuu aliwaita wasimamizi wa zahanati nyekundu, akawasimamisha mmoja mmoja wajieleze. Wakisema umeme ulikatika, anawauliza mbona kwa fulani haukukatika. Wauguzi wakakibatiza kifaa changu jina, wakakiita Mmbea. Nilipopita kwenye zahanati nilikuwa nasikia, haya, baba yake Mmbea huyo, nyamazeni. Nilicheka nao. Nilidhani ni utani.

Kisha taa zikaanza kugeuka. Moja, nyingine, nyingine, mpaka ukuta mzima ukawa kijani, isipokuwa taa moja. Wafadhili wakaja wakapigwa picha mbele ya ramani. Wakaahidi fedha ya pili, na Projekta akaanza kuzungumza habari za nchi jirani. Tulikuwa tumeajiri watu kumi na mmoja.

Taa moja iliyobaki ilikuwa ya dada. Nilisema moyoni friji yake imezeeka, nitakwenda kuiangalia. Kabla sijakwenda nikaitwa zahanati nyingine, friji inavuja maji. Hiyo ilikuwa ya kijani. Nilipofungua mlango wa friji, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa vuguvugu. Waya wa kipimajoto haukuwa ndani. Ulipita nyuma, ukapanda kabatini, ukaingia kwenye chupa ya chai. Nikafungua kifuniko. Maji na barafu.

Muuguzi wa pale, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, hakushtuka.

"Mmbea tumempa kinywaji baridi," akasema. "Akishiba hasemi."

Nikamuuliza, na hizi chanjo? Akaacha kucheka.

"Fundi, kile cha kwanza cha dada yako kilikuwa kinamwamsha mtu. Hiki chetu kinamsema mtu. Mimi nina watoto wanne."

Nikazunguka zahanati nyingine. Chupa ya chai. Chupa ya chai. Ndoo. Mahali pamoja waya ulitoka dirishani ukaenda kuingia kwenye friji ya soda ya duka la pili, na mwenye duka akaniambia analipwa kidogo kwa kumtunza mgeni. Chanjo zilikuwa zinachomwa kama kawaida. Akina mama walipanga foleni, watoto wakalia, kadi zikagongwa mhuri.

Kwa dada nilikuta waya palepale nilipoufunga mwenyewe, kipimajoto katikati ya vichupa. Alikuwa anamwaga vilivyoharibika na kuwarudisha akina mama nyumbani mpaka mzigo mwingine uje, na kila alichomwaga alikiripoti. Mwenye bucha alikuwa bado ana jenereta, tena zima. Lakini hakuna aliyempigia dada simu ili akimbie.

Nikamuuliza kama anajua wanachofanya wenzake.

"Walinihurumia wakaniletea chupa," akasema. "Nikatia chai."

"Kwa nini hukutia barafu, dada?"

"Kifaa ni chako. Nikikidanganya, namdanganya nani?"

Halafu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, akaniambia Alhamisi anaitwa mbele ya kamati kwa uzembe. Zahanati zote zinaweza kutunza chanjo, yeye peke yake hawezi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Nilimweleza Projekta nyumbani kwangu, mke wangu akisikia. Kwanza alitoa kompyuta yake aniwekee picha ukutani, kisha akaifunga. Akasema fedha ya pili inategemea ile ramani. Nikisema, kampuni imekwisha. Nikamwambia nisiposema, dada amekwisha. Mke wangu akauliza nyumba hii je, maana karakana iko benki.

Alhamisi nikaenda. Chumba cha kamati kilikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni, na ramani ukutani, kijani tupu na ile nyekundu moja. Dada alikaa kwenye kiti cha peke yake, gauni limepigwa pasi. Nikaweka chupa ya chai mezani. Nikawaambia taa zote hizi ni barafu. Friji ni za moto. Watoto wanachomwa kitu kilichokwisha kufa. Ukuta mzima huu, taa ya kweli ni moja tu, na ni ya huyu mnayemhukumu. Katikati ya maneno dada akaniangalia, vile alivyokuwa akiniangalia zamani. Sikuacha.

Mganga Mkuu aliandika kila kitu. Kisha akaniuliza, kwa upole wake uleule:

"Kwa hiyo, fundi, kifaa pekee kilichofungwa sawasawa ni cha zahanati hii?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hicho kinaonyesha friji ilikuwa na joto."

"Ndiyo, lakini umeme..."

"Ahsante. Umetusaidia."

Wale wengine, akasema, vipimo vyao haviaminiki, kwa hiyo hakuna ushahidi dhidi ya yeyote kati yao. Cha huyu kimethibitishwa na mtengenezaji mwenyewe. Wakamfukuza kabla ya saa ya chakula. Mkataba wetu ukavunjwa wiki ileile, kwa sababu ya vipimo visivyoaminika. Ramani ikashushwa, pakawekwa kalenda.

Tulipotoka dada alinishika kiwiko kwenye ngazi, kwa sababu magoti yake yanauma kushuka. Akasema, "Kweli umeisema yote. Ile nusu ya kifaa changu ungeninyamazia." Hakurudia tena.

Projekta yuko kwenye jengo la vioo, anawafundisha vijana namna ya kujifunza kutokana na kufeli. Aliniita nikaongee. Sikwenda. Ninachokijua kinatosha dakika moja: kengele mpe anayeweza kukimbia. Yeye anataka saa nzima na picha.

Basi hesabu ni hii. Karakana, imeuzwa na benki pamoja na mtungi wa gesi na pampu. Watu kumi na mmoja hawana kazi. Mke wangu yuko kwao tangu mvua zilipoanza. Vifaa arobaini na vitatu, vyote vizima, viko kwenye magunia mawili chini ya kitanda changu. Dada, miaka thelathini na moja ya uuguzi, bila kiinua mgongo, anakaa chumba changu cha nyuma na anawapima watoto wa mtaani joto kwa kiganja. Na watoto waliochomwa kwenye zile zahanati za kijani, idadi yao sijui. Niliuliza ofisini kama wataitwa wachomwe upya. Nikaambiwa kadi zao zina mhuri.